Mlinzi wa friji la damu

Jumamosi iliyopita nilikwenda Tandika kuangalia filamu ya kijana wa jirani yetu wa zamani. Ilioneshwa uani, nyuma ya duka la vifaa vya umeme, kwenye shuka jeupe lililopigiliwa ukutani kwa misumari. Projekta ya kuazima, spika moja, viti vya plastiki vya kukodi. Watu wazima tulikuwa kama thelathini, watoto hawahesabiki, wamejaa kwenye mkeka mbele kabisa. Bahati nzuri umeme ulikuwepo mwanzo hadi mwisho.

Nusu ya kwanza ya filamu ile ningeweza kuiangalia tena kesho yake asubuhi kabla ya chai. Nusu ya pili ilinikasirisha hadi pilau waliyotugawia nikaibeba nyumbani bila kuigusa.

Jina la filamu silitaji, wala la kijana, maana bado anaihangaikia. Ananiita Anti tangu yuko darasa la pili. Mimi ni mtu wa maabara, na huu ni mwaka wa 16 niko kitengo cha damu katika hospitali moja hapa mjini. Ndiyo maana mwaka jana alinifuata nyumbani jioni moja, akasimama mlangoni na daftari kwapani. "Shikamoo Anti." Nikamwitikia, nikamkaribisha, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyeleta posa. Akasema anatengeneza muvi ya vampaya.

Moyo ulinishuka. Nikajua sasa tunaletewa tena jumba la mawe, popo na mzungu mwenye koti jeusi. Akaanza kunisimulia. Alipomaliza chai ilikuwa imepoa na mimi nilikuwa namwambia hebu rudia pale kwenye daftari la mlinzi.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna mzee mmoja, mlinzi wa usiku katika hospitali ndogo ya Dar. Mzee huyo ni vampaya, lakini aliapa zamani sana kwamba hatamuuma mtu tena. Anaishi kwa damu iliyopita muda. Damu ikishatolewa kwa mchangiaji inaingia kwenye mfuko wenye dawa ya kuizuia isigande, inapimwa Ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende, halafu inakaa kwenye friji la nyuzi 2 hadi 6. Kwa mifuko ya aina tuliyoizoea, siku ya 35 ndiyo mwisho wake. Ikipita hapo mgonjwa hapewi tena. Inaandikwa kwenye daftari, inapelekwa kuchomwa. Katika filamu, anayeipeleka kuchomwa ni yule mzee, na kuna mifuko isiyofika kwenye tanuri.

Hapo hapo mtaani unaingia uvumi kwamba mumiani, wale wanaosemwa kunyonya watu damu, wamerudi. Mtoto mmoja hajaonekana siku mbili. Watu wanaanza kulitazama vibaya gari la hospitali linalozunguka kukusanya damu. Kwa hiyo katika mtaa mzima, kiumbe pekee anayekunywa damu hamchukulii mtu yeyote damu yake tena, na ndiye anayetetemeka kila akisikia kelele za watu nje ya geti.

Nilimwambia pale pale kwamba hicho ni kisa cha kwetu. Hakuna mtu wa nchi nyingine angekiwaza.

Aliyekulia Dar hahitaji kufundishwa mumiani ni nini. Bibi yangu alikaa Buguruni tangu kabla ya uhuru. Magharibi ikiingia, akiona tunachelewa kurudi, hakututishia simba wala jini. Alituambia kuna gari limezima taa pale kwenye mwembe, na waliomo ndani wanatafuta watoto wa kunyonya damu. Tulikimbia mpaka ndala zikabaki njiani. Alipokuwa mzee sana alikuwa bado akiona gari limeegeshwa gizani anavuka upande wa pili wa barabara. Na hakuwa mtu wa kuamini kila kitu. Mwaka 1959 pale pale Buguruni uvumi wa mumiani ulizua vurugu kubwa, na bibi alikuwepo. Hilo hakulisimulia kama hadithi. Alilitaja kama mtu anavyotaja mwaka wa mafuriko.

Neno lenyewe ni la zamani kuliko magari. Kwenye kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, mumiani kwanza ni dawa, kitu cheusi kama gundi, cha kupaka au kuyeyusha kwenye samli na kunywa, kwa waliovunjika mifupa na wenye maumivu, na husemwa kinatoka Uajemi. Halafu kamusi hiyo hiyo inaongeza kwamba wenyeji wengi wanaamini kabisa kuwa ni damu iliyokaushwa ya watu waliouawa kwa kazi hiyo, na uvumi ukizuka watu hawatoki nje jua likishazama. Mwanahistoria Luise White alitoa kitabu mwaka 2000 kuhusu visa vya namna hii Afrika Mashariki na Kati wakati wa ukoloni. Nairobi waliogopwa wazimamoto. Tanganyika wakaitwa chinjachinja. Anayechukua damu katika visa hivyo hana meno marefu. Ana gari, ana sare, ana kazi ya serikali, na wewe ukienda kulalamika huna wa kumlalamikia.

Mimi nakutana na mumiani huyo kila tunapotoka kwenda kuhamasisha watu wachangie damu. Siku moja Mbagala tulitandika vitanda chini ya turubai, tukaeleza vizuri: umri miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, tunachukua mililita 450 tu, mwanaume anaweza kurudi baada ya miezi mitatu na mwanamke baada ya minne. Mzee mmoja alisimama mbali amekunja mikono, akatusikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akauliza, "Mbona mnatupima kilo kama mnanunua ng'ombe?" Watu wakacheka, lakini vijana watatu waliokuwa kwenye foleni waliondoka. Sikumchukia yule mzee. Swali lake lina miaka mingi kuliko mimi. Wiki hiyo hiyo tulikuwa na mama aliyejifungua, damu inamtoka, na friji la kundi lake lilikuwa na mifuko miwili.

Kwa hiyo kijana yule aliposema anataka kuweka vampaya kati ya friji langu na swali la yule mzee wa Mbagala, nilikuwa tayari kumsaidia kwa chochote.

Nilichomsaidia kilikuwa kidogo. Mifuko ya hospitali sikumpa, kwa sababu hairuhusiwi, akatengeneza yake kwa plastiki nene na mirija ya akwariamu. Damu alitumia juisi ya rozela iliyochemshwa na sukari nyingi. Nikamwambia rangi imekuwa ya waridi mno. Damu ya mshipani ikiwa kwenye mfuko ni nyeusi nyeusi, kama zabibu iliyoiva kupita kiasi, na wekundu wake unauona pale tu inapokuwa nyembamba, kwenye mrija. Akaongeza kahawa kidogo na ukwaju. Ikakaa sawa.

Halafu nikamweleza kitu ambacho watu wa nje ya maabara hawakioni. Mfuko wa damu ukisimamishwa kwenye friji bila kuguswa, unajitenga wenyewe. Chembe nyekundu zinashuka chini taratibu, juu inabaki plazima ya rangi ya samli. Katikati panakuwa na utando mwembamba mweupe, mwembamba kama karatasi. Ukiufungua mlango wa friji alfajiri, baada ya zamu ya kimya, unaiona imejipanga, juu njano, chini nyekundu iliyokolea, kila mfuko na mstari wake. Ukiuinua ukaupindua mara kadhaa, vinachanganyika vyote tena. Miaka yote hii bado nikifungua friji ninasimama sekunde mbili kuangalia.

Hilo hakuliweka. Nitalirudia baadaye.

Alirekodi kwa usiku tisa, watu saba, kamera ya kuazima kwa mpiga picha wa harusi. Alinipa hesabu yote: milioni mbili na laki tatu, na nyingi iliishia kwenye chakula na mafuta ya jenereta. Taa hakuwa nazo za maana, akatumia taa za mbele za bodaboda mbili zilizofunikwa kwa karatasi ya kuokea, na taa ya bluu ya duka la simu lililo mkabala. Na niamini, inapendeza. Korido ya hospitali, ambayo ni ya shule moja wakati wa likizo, inaonekana ndefu na ya ubaridi. Uso wa yule mzee unapata mwanga upande mmoja tu, mashavu yameingia ndani, na huhitaji kuambiwa kwamba huyu hajalala tangu enzi za Mjerumani.

Sauti ndiyo mbaya. Jenereta linasikika karibu kila sini, na kuna mahali bajaji inapita juu ya maneno muhimu kabisa. Hayo ninayasamehe yote. Umaskini wa vifaa haujawahi kuniharibia filamu.

Sini ninayotaka kuieleza ni ya muuza kahawa. Ni dakika kama nne. Usiku mkubwa, mlinzi amekaa nje ya geti kwenye kiti cha chuma kilichosukwa upya kwa kamba. Kwa mbali unasikia vikombe vinagongana, ile ti-ti ti-ti ya wauza kahawa ambayo kila mtu wa mji huu anaijua hata akiwa usingizini. Sauti inakaribia. Muuza kahawa anafika, anatua birika lake la shaba na jiko lake la mkaa, anamimina kikombe bila kuulizwa kwa sababu ni mteja wa kila siku. Mzee anapokea. Anakishika kwa mikono miwili. Hanywi.

Wanazungumza. Muuza kahawa anamweleza habari za mtoto aliyepotea, kwamba kuna watu wanakaa vikao, kwamba gari la damu lilipigwa mawe. Mzee anaitikia "Eeh," "Lo," "Mungu atusitiri." Kamera haiondoki kwenye mikono yake na kile kikombe kidogo kinachotoa moshi. Muuza kahawa anasema, "Mzee wangu, wewe kahawa yangu unaipasha mikono tu, miaka yote hii." Anasema bila kumshuku, anasema kwa upendo. Mzee anamjibu, "Joto lake linanitosha." Analipa, anaongeza kipande cha kashata, anakiweka mfukoni. Baadaye unaona droo yake ndani imejaa vipande vya kashata, vimekauka, mia na zaidi, kila usiku kimoja.

Nyuma yangu mama mmoja alisema "Masikini," kwa sauti ndogo. Watoto kwenye mkeka walikuwa kimya, watoto wale waliokuja kuona meno.

Na hapo ndipo, kama dakika ya arobaini, filamu ikaachwa.

Anatokea vampaya wa pili. Kijana, joho jeusi la kitambaa cha Kariakoo lenye bitana nyekundu, lenzi za macho za rangi, meno ya plastiki yanayomzuia kutamka. Anaongea Kiingereza. Anataka msichana, muuguzi ambaye mpaka hapo alikuwa na maneno sita tu. Kuna kufukuzana, kuna mchungaji na msalaba, kuna kicheko kirefu chenye mwangwi. Mtoto aliyepotea anasahauliwa, hatujui amepatikana au la. Vikao vya mtaani havionekani tena. Muuza kahawa harudi. Yule mzee, mwenye droo ya kashata, anageuzwa msaidizi wa kumpa msichana kisu. Mwisho wanamvutia yule mwenye joho hadi Coco Beach, jua linachomoza, anaungua.

Ile picha ya jua ni nzuri, sikatai. Pwani yetu inatazama mashariki, jua linatoka baharini mbele yako bure bila kukodi taa, na wao waliamka saa tisa usiku kulisubiri. Lakini nikajiuliza hilo jua linatafuta nini mle.

Nilipofika nyumbani nikakumbuka jambo. Kwenye riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, Dracula anatembea London mchana. Nguvu zinampungua, lakini hafi. Vampaya kuteketea kwa mwanga wa asubuhi kulikuja na filamu ya kimya ya Kijerumani ya mwaka 1922, Nosferatu, ya F. W. Murnau. Hao walikuwa wadogo pia. Walichukua kisa cha Stoker bila ruhusa, wakabadilisha majina na mwisho, mjane wa Stoker akawashtaki, mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe, na kampuni iliyoitengeneza haikutoa filamu nyingine. Nakala chache zikasalimika. Leo dunia nzima inaamini kwamba vampaya anakufa kwa jua, kwa sababu wale watu waliamua hivyo kwa ajili ya filamu yao.

Sisi tunaichukua ile sheria yao ya 1922 kama vile imeandikwa kwenye msahafu. Na hatuiulizi hata inakuwaje ikifika hapa. Dar jua huchomoza na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, tofauti haifiki saa nzima. Vampaya wa Ulaya kiangazi ananyimwa usiku, na majira ya baridi anashiba giza. Wa kwetu ana saa 12 zake kila siku ya Mungu, hazipungui wala haziongezeki sana. Ana ratiba kama mfanyakazi wa zamu. Kijana yule alikuwa amelijua hilo bila kulisema. Mlinzi wake anaingia saa 12 jioni, anasaini, anatoka saa 12 asubuhi, anasaini. Kuogopa jua kwa mzee yule kumo ndani ya ajira yake. Hakuna haja ya kumkimbiza mtu ufukweni.

Na hatari yake haikuwa jua. Hatari yake ilikuwa geti. Tangu muuza kahawa aliposema gari limepigwa mawe, sote uani tulikuwa tunawasubiri watu waje. Tunajua umati unavyokuja mtaani, tumeusikia mtu akiitiwa mwizi. Unasikia kwanza ndala nyingi, halafu makopo. Filamu ilitujengea hofu hiyo nusu saa nzima kisha haikutuletea hata mtu mmoja.

Baada ya watu kuondoka tulibaki tukikunja viti. Nikamwambia, mwanangu, umetengeneza kitu kizuri halafu ukakiogopa. Hakukasirika. Akasema, "Anti, watu wanataka kuona meno." Akanieleza kwamba mtu mmoja wa kusambaza filamu aliangalia dakika arobaini za mwanzo, akamwambia huyu si vampaya, huyu ni mlinzi mwenye huzuni, weka vampaya nikupe hela. Akaweka. Hela hajaziona mpaka leo.

Nikamuuliza, wewe umewaangalia watoto wakati wa sini ya kahawa? Akasema alikuwa nyuma ya projekta, anahangaika na feni yake isizime. Nikamweleza walivyonyamaza. Nikamweleza na yule mama aliyesema "Masikini." Alinyamaza, akaendelea kupanga viti, akavipanga vibaya ikabidi avipange upya.

Nilimwambia na jambo la kazini kwangu, kwa sababu nilitaka ajue kwamba sisemi kwa ajili ya sanaa peke yake. Kama mtu wa Mbagala angeiona nusu ile ya kwanza, akamwona yule mzee anatetemeka nyuma ya geti huku gari la damu likipigwa mawe, kuna kitu kingemgusa ambacho vipeperushi vyetu havijawahi kumgusa. Simwombi atengeneze tangazo la kuchangia damu. Tangazo lingeua kila kitu. Namwomba amwache mzee wake abaki na woga wake mpaka mwisho.

Juzi usiku nikiwa zamu alinitumia ujumbe wa sauti. Anaikata. Anatoa joho lote, lenzi, mchungaji, ufukwe. Anabakiwa na dakika 38, na anataka kurekodi usiku mmoja zaidi, geti na watu wa mtaa, bila meno. Ameuliza kama mifuko yake ya rozela inaweza kujitenga ile njano na nyekundu niliyomwambia. Nimemjibu rozela haitajitenga, ajaribu kuweka mafuta ya alizeti juu ya juisi nzito, asitikise.

Akauliza tena: mlinzi akichukua mfuko, kwenye daftari aandike nini, maana kamera itakaribia mpaka maandishi yasomeke. Nililifungua la kwetu nikaangalia tunavyoandika. Nikamsomea polepole ili ayanakili: tarehe, kundi O chanya, mfuko mmoja, umepita muda, umepelekwa kuchomwa. Halafu saini.